Unga wa Siku Moja

Mwaka 1988 ukame uliibana wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara. Nafaka haikutosha, na kilichobaki shambani ni muhogo mchungu. Katika mwaka wa kawaida muhogo huo humenywa, hupasuliwa na kuanikwa siku nyingi mpaka uwe makopa makavu yanayovunjika kwa sauti. Mwaka ule watu hawakuwa na siku nyingi. Muhogo ulimenywa asubuhi, ukatwangwa ukiwa mbichi, ukaanikwa saa chache, ukatwangwa tena, ukaanikwa tena, na jioni unga ukawa tayari kwa ugali. Njia hiyo ina jina lake huko kusini: chinyanya. Baada ya kula, watu wakaanza kushikwa na kizunguzungu, kichwa kikauma, wakatapika, miguu ikalegea. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake walilifuatilia jambo hilo, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1992. Jibu lilikuwa kwenye kinu: unga uliotengenezwa kwa haraka ulibaki na sumu nyingi.

Mtu aliye mbali atasema, kwa nini wapande muhogo wenye sumu? Aje alime kwanza pembezoni mwa msitu. Nguruwe pori na nyani humaliza shamba la muhogo mtamu kabla mwenyewe hajavuna, na mwizi wa usiku hana haja ya kungoja. Muhogo mchungu hujilinda. Hukaa ardhini mwaka wa pili ukingoja siku ya shida, huvumilia mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, na hauombi mbolea. Wakulima wa kusini waliuchagua kwa akili timamu, na pamoja nao wakarithi utaratibu wa kuutuliza. Tatizo la 1988 ni kwamba utaratibu ulikatwa katikati.

Tuchukue nyumba moja ya kubuni, iwe kwenye ukingo wa uwanda, pale ambapo ukisimama nyuma ya jiko unaona bonde la Ruvuma likishuka kuelekea Kitaya, na ng'ambo ni Msumbiji. Mvua imegoma. Mkaza mwana ametoka kuchungulia darini.

"Mama, makopa yamekwisha. Nimepapasa hadi pembeni, vumbi tu."

"Basi chimba ule muhogo wa nyuma ya mkorosho, tutwange chinyanya. Watoto hawawezi kulala hivi."

"Mwaka juzi ulisema chinyanya si ya kula kila siku."

"Mwaka juzi tulikuwa na mahindi, mwanangu."

Bibi huyo hakukosea juu ya chinyanya wala juu ya mahindi. Anajua kwamba unga wa siku moja ukiliwa mara moja moja, tena kwa samaki au kunde, nyumba hupita salama. Asichoweza kukiona ni kwamba safari hii mambo mawili yamekutana: chinyanya imekuwa ya kila siku, na mboga ya pembeni imeondoka. Ili kuelewa kwa nini mkutano huo ni mbaya, inabidi tulifuate tonge la ugali tangu linapoingia kinywani.

Tuanze kabla ya kinywa, shambani. Ndani ya chembe hai za muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Ni sukari ya glukosi iliyofungamanishwa na sianidi, na ikiwa imetulia hivyo haina makali makubwa. Kwenye kuta za chembe hizohizo kuna kimeng'enya, linamarasi, ambacho kazi yake ni kuvunja fungamano hilo. Mmea huviweka viwili hivyo mbalimbali. Jino la nguruwe likipasua mzizi, vinakutana, na sianidi inatoka kama mvuke mchungu. Mchi hufanya kazi ileile ya jino. Kwa hiyo kutwanga muhogo mbichi ni jambo zuri, maana kunaamsha kimeng'enya. Lakini uvunjaji huo una hatua mbili: kwanza linamarini hugeuka kuwa kitu cha katikati kiitwacho sianohidrini, kisha sianohidrini huachia sianidi iende zake hewani. Hatua zote mbili zinahitaji unyevu na muda. Ukiukausha unga haraka juani baada ya kutwanga mara mbili, umewasha moto ukauzima kabla chungu hakijachemka. Linamarini nyingine haijaguswa, na sianohidrini imebaki imeng'ang'ania unga.

Tonge linaingia kinywani. Mate yana kimeng'enya cha kuanza kuvunja wanga, ndiyo maana ugali ukitafunwa sana huanza kuonja utamu. Tumboni linakutana na asidi kali. Asidi hiyo huua vijidudu vingi na kuanza kufungua protini, ikiwa protini ipo. Huharibu pia kile kimeng'enya cha muhogo, linamarasi, kwa hiyo linamarini iliyobaki hupita tumboni salama salimini. Na sianohidrini, ambayo hutulia katika uchachu, nayo hupita. Mlaji wakati huu hana habari. Ameshiba, na anawasimulia watoto hadithi ya sungura.

Kisha tumbo linaachia chakula kidogo kidogo kiingie utumbo mwembamba. Hapa kongosho humimina maji yake yanayoua uchachu wa tumbo, pamoja na vimeng'enya vinavyomaliza kuvunja wanga. Utumbo huu una urefu wa mita kadhaa, na ukuta wake wa ndani umejaa vijidole vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ukivikunjua vyote na mikunjo yake, unapata eneo la mita za mraba takriban 30, sawa na sakafu ya chumba kikubwa. Kupitia ukuta huo ndipo mwili unapokula hasa; vilivyo kinywani na tumboni bado viko nje ya damu. Glukosi ya muhogo hupita kwenye milango yake maalumu, asidi amino za protini hupita kwenye yake, mafuta yana njia yake ya kando.

Na uchachu ulipokwisha, sianohidrini ikaachia. Sianidi haina haja ya mlango. Ni ndogo, nyepesi, hupenya utando wa utumbo kama harufu ya kitunguu inavyopita chumba kwa chumba, ikaingia damuni. Linamarini nayo sehemu yake hufyonzwa nzima na kutoka kwenye mkojo bila kudhuru, lakini sehemu nyingine husafiri hadi utumbo mpana, ambako bakteria wana vimeng'enya vya kuivunja. Huko nako sianidi inaachiwa, saa kadhaa baada ya chakula. Ndiyo maana mtu aliyelewa muhogo haanguki akiwa bado ananawa mikono. Huanza kuona nyumba inazunguka saa nne, tano, sita baadaye, mara nyingi usiku, wakati hakuna anayekumbuka kuilaumu sufuria.

Sianidi ikishaingia damuni hukimbilia mahali ambapo chembe hai hutengenezea nguvu. Huko huziba kiungo cha mwisho cha matumizi ya oksijeni. Mapafu yanavuta hewa, damu inaibeba, lakini chembe haziwezi kuitumia. Ubongo na neva, ambavyo havina akiba ya nguvu, ndivyo huumia mwanzo. Dozi kubwa huua haraka. Dozi ndogo ya kila siku ina mkasa wake, na ndiyo inayoihusu nyumba yetu ya ukingoni.

Mwili wa binadamu haukuachwa bila ulinzi. Damu yote inayotoka utumboni, kabla ya kuzunguka mwilini, hupitishwa kwanza kwenye ini. Ini lina kimeng'enya kiitwacho rodanesi. Kazi yake ni kuichukua sianidi na kuibandika atomi moja ya salfa, ikageuka kuwa thaiosianati, kitu kisicho na makali ambacho figo hukitoa kwenye mkojo. Kazi hii hufanyika kimya kimya kwa mamilioni ya walaji wa muhogo duniani, na ndiyo sababu watu wengi mno wanakula muhogo maisha yao yote wasipate lolote. Ila ina gharama. Kila miligramu moja ya sianidi inahitaji takriban miligramu 1.2 za salfa.

Mtu wa Mtwara haoni ajabu kusikia neno salfa. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita hivi, mikorosho inapotoa machipukizi na maua, mabomba ya kupulizia hunguruma alfajiri na unga wa njano hufunika mashamba kuzuia ubwiri unga. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mkorosho na maradhi yake. Mfuko wa salfa ukichelewa kufika kijijini, mkutano wa chama cha msingi hauishi. (Na asije mtu akadhani namshauri alambe salfa ya mikorosho. Ile ni dawa ya mti, mwili hauwezi kuitumia kwa kazi hii, na vumbi lake linachoma macho na kifua.) Salfa ya ini hutoka kwenye protini peke yake, katika asidi amino mbili, methionini na sisteini. Zimo kwenye samaki, mayai, nyama, maziwa. Zimo kwenye ufuta na korosho. Zimo kwa kiasi kwenye mbaazi, kunde, mtama na mahindi. Kwenye mzizi wa muhogo zimo chache mno. Muhogo ni wanga; protini yake haifiki hata gramu 3 kwa kila gramu 100 za unga mkavu, na hiyo kidogo ni maskini wa salfa.

Sasa piga hesabu ya nyumba ile. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Tuseme chinyanya ya bibi ina 100, jambo lisilo la ajabu mwaka wa ukame, maana muhogo uliokosa maji huongeza uchungu wake. Mama mwenye uzito wa kilo 50 akila nusu kilo ya unga kwa siku anapokea miligramu 50. Hata kama si yote itakayoachiwa mwilini, ini linaweza kudaiwa hadi miligramu 60 za salfa, leo, kesho, na keshokutwa. Kama kuna dagaa, linalipa. Kama pembeni ya ugali kuna chumvi na maji, linakopa kwenye misuli ya mama mwenyewe, na siku moja haliwezi tena.

Siku hiyo huja ghafla. Mtu ameamka kwenda kisimani, ametembea mwendo mrefu, na kurudi anaona miguu imekakamaa, inatetemeka, magoti yanagongana, visigino havishuki chini. Katika siku moja au mbili ugonjwa umefika mwisho wake. Hauendelei kuwa mbaya, wala haurudi nyuma. Anayeweza kutembea atatembea kwa ncha za vidole akiwa na fimbo moja; mwingine fimbo mbili; mwingine hatatembea tena. Huu ndio unaoitwa konzo, jina lililoingia katika vitabu vya tiba kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji, ambako daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Hautokani na kijidudu, na hauambukizi, ingawa huzoa watu wa nyumba moja kwa sababu wanakula sufuria moja.

Ng'ambo ya Ruvuma, kusini zaidi, mkoa wa Nampula ulipatwa mwaka 1981. Ukame ulikuwa umeua mazao mengine yote, na watu wakala muhogo mchungu uliokaushwa nusu nusu. Wagonjwa 1,102 walihesabiwa, wengi wao wanawake na watoto. Wenyewe waliuita mantakassa. Mmoja wa waliokuwa wakitibu huko wakati huo ni daktari Hans Rosling kutoka Sweden, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa takwimu zake. Julie Cliff naye aliufuatilia ugonjwa huo Msumbiji kwa miaka mingi. Mwaka 1985 ukatokea Tarime, mkoani Mara, na ndipo mtafiti Howlett na wenzake walipouchunguza kwa kina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika mkoani Mtwara na Ruvuma. Katika habari zote hizo wazazi wale wale wawili wanaonekana: unga usiokamilika na sahani isiyo na protini. Palipo na mmoja tu, konzo ni nadra.

Hapo ndipo mimi hukasirika kidogo nikiitazama ramani. Mkoa wa Mtwara, uliopata konzo, unapakana na bahari. Kutoka Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma, ambako hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 2000, samaki hupakiwa kwenye baiskeli na pikipiki kila siku. Juu uwandani kunalimwa ufuta, mbaazi na korosho, mazao matatu yenye protini, na yote matatu huondoka kwa lori na meli. Mwenye shamba anauza gunia la ufuta, ananunua bati na sare za shule, jambo la haki kabisa, kisha anarudi kula ugali wa muhogo kwa kisamvu chembamba. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, bei ilianguka na watu wakaachwa na magunia ndani. Wakulima waliumia mfukoni, na maumivu hayo siyapunguzi. Lakini nadhani maini ya mwaka ule hayakulalamika.

Kisamvu kinastahili neno lake. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko hata mizizi, lakini pia yana kimeng'enya kingi, na mwanamke wa pwani huyatwanga mpaka yalainike kabisa, kisha huyachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, mvuke ukienda. Hapo sumu imeondoka. Hakuna aliyemfundisha kemia. Akiongeza karanga au nazi na dagaa, ameweka mezani protini nyingi kuliko mzizi wenyewe. Ajabu ni kwamba utwangaji huo wa subira hukubaliwa kwa jani, na hukatizwa kwa mzizi, kwa kuwa mzizi ndio unaoshibisha na njaa haingojei.

Wapo wanaouliza, kwa nini wasiroweke tu, kama wanavyofanya Wakongo? Kuroweka siku tatu au nne ndani ya maji ni njia bora kabisa: chembe za muhogo hulainika na kupasuka, kimeng'enya hufanya kazi usiku na mchana, na maji hubeba uchafu. Lakini uwanda wa Makonde ni nchi isiyo na mito juu yake. Kwa vizazi wanawake walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na hata baada ya mabomba kufika, maji ya kumwaga ni anasa. Huwezi kumwambia mtu aliyepanda mlima na lita 20 azimimine kwenye muhogo. Mafundisho mengi ya lishe yamekufa hapo hapo, kwenye ukingo wa ndoo.

Ndiyo maana napenda njia aliyoipendekeza Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mwaka 2006. Unachukua unga mkavu wa muhogo, unautia kwenye bakuli, unaweka alama ya kimo chake kwa ndani. Unaongeza maji huku unakoroga. Unga hunywa maji na kushuka. Unaongeza mpaka urudi kwenye ile alama. Unautandaza kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, na unauacha saa tano kivulini au saa mbili juani. Kimeng'enya kilicholala kwenye unga kinaamka, kinamalizia ile kazi iliyokatizwa, na sianidi inaruka hewani. Sumu hushuka hadi theluthi moja au chini ya hapo. Maji yanayotumika ni yale yale ambayo yangeingia kwenye ugali. Kuni hazihitajiki. Ugali upikwe siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa huchacha.

Mkaza mwana wa nyumba yetu ya kubuni akitandaza unga wake adhuhuri, jioni atasonga ugali usiolevya. Atakuwa ametengeneza nusu ya kinga. Nusu ya pili iko kwenye bakuli la kitoweo, na hapa nina shaka yangu ya siku nyingi juu ya kwa nini konzo hupiga wanawake na watoto kuliko wanaume. Kama kuna samaki watatu, mkubwa huenda kwa baba, wa pili kwa mgeni, na mchuzi kwa waliobaki. Ini la mtoto halijui kuwa mgeni ni wa heshima. Na baba, kama alishinda Mtwara mjini kwenye shughuli zake, huenda mchana alikwisha kula chipsi mayai.